Redio Niliyoitoa Matumbo

Vijana wangu wa meza za simu pale Tandika, nina ombi. Mteja akija na redio ya zamani, msimlete tena kwangu na yale maneno yenu, "Nenda kwa Mzee Bakari, yule ndiye fundi wa mafundi." Najua mnasema kwa heshima, na wengine mnasema kwa kunitania, lakini kila nikiyasikia natamani ardhi ipasuke nijifiche. Mmekuwa mkiniomba niwaeleze kazi ya redio za mbao ilikuwaje. Haya, nitawaeleza, na mkifika mwisho mtajua kwa nini siku hizi nikiitwa fundi naangalia chini.

Redio ya mbao ya kuweka mezani haina papara. Ukiiwasha haisemi. Inanyamaza kwanza, huku ndani valvu zinapata moto. Valvu ni taa za kioo, ukubwa wa kidole gumba au zaidi, na ndizo zilizofanya kazi ambayo kwenye simu zenu inafanywa na kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Zikishapata moto unasikia mvumo mdogo, halafu sauti inakuja polepole kutoka mbali. Wazee walikuwa wanawasha redio kisha wanakwenda kutawadha au kumimina kahawa, wakirudi wanakuta mtangazaji ndiyo kwanza anapata sauti. Hakuna aliyeona hilo ni tatizo.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mponda, Mmakonde wa Newala, baba yake alikuwa mchonga vinyago. Yeye hakupeleka sanduku kwa seremala hata siku moja. Mbao ikipasuka alikata kipande, akakibandika kwa gundi, akapiga msasa na vanishi mpaka mwenye redio akashindwa kuonyesha palipokuwa na ufa. Kibanda chetu kilikuwa Temeke, na sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba redio hunuswa kabla ya kufunguliwa. Harufu ya nta iliyoungua ni kapasita. Harufu ya kitambaa kilichoungua ni transfoma. "Na hii?" akaniuliza siku moja, akanisogezea redio puani. Nikavuta pumzi ndefu kama mtaalamu, nikasema transfoma. Akafungua. Alikuwa mjusi, amekauka juu ya nyaya tangu masika yaliyopita. Mponda alicheka mpaka akashika meza, na mwezi mzima kila mteja aliyepita alihadithiwa.

Sheria ya pili: ukigusa redio iliyo kwenye umeme, mkono mmoja uwe mfukoni. Nyie mnacheza na umeme wa betri, ukiwagusa hamjui. Wa valvu unaua mtu, na kapasita zake zinatunza umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mie nililijua hilo kwa njia ngumu. Nilirushwa kutoka kwenye stuli mpaka kwenye benchi la wateja, nikaangukia mapajani kwa mama mmoja aliyekuja na pasi yake. Mponda hakuinuka. Alisema tu, "Umeshasalimiwa. Sasa mnajuana."

Ya tatu, redio iliyolala miaka usiichomeke moja kwa moja ukutani. Unganisha balbu ya kawaida katikati ya waya wake. Balbu ikiwaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, chomoa. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, mgonjwa anapumua, endelea. Hiyo iandikeni, maana kuna siku ataletewa mmoja wenu redio ya babu, ataichomeka kwa haraka na kujaza moshi kibandani.

Nilikosea mengi. Kubwa la ujana wangu lilikuwa kioo cha stesheni. Redio ya mwalimu mmoja ilikuwa na kioo kilichofubaa, nikachukua spiriti nikakisugua kwa bidii. Kikang'aa. Kilipong'aa nikaona kwamba majina ya stesheni na namba zote zimeondoka na kitambaa, kimebaki kioo kitupu kama cha dirisha. Maandishi yale yalikuwa ya rangi, na rangi ile inaogopa spiriti. Inafutwa kwa kitambaa kikavu tu, na kwa upande wa mbele. Mponda hakunipiga. Alivaa shati lake safi, akanichukua mpaka nyumbani kwa mwalimu, tukaketi, akasema: "Mwalimu, kijana huyu amekuharibia kioo. Na mie ndiye ninayemfundisha, kwa hiyo tumeharibu wote wawili." Mwalimu alitazama kioo, akasema basi, stesheni anazijua kwa kusikia. Mie nilikuja kuzeeka nikidhani somo la siku ile lilikuwa spiriti.

Sasa niwaeleze habari ya Mzee Shomari.

Mzee Shomari ni mwenyeji wa Temeke, Mzaramo, alikuwa fundi cherehani. Macho yalimwishia taratibu mpaka akawa haoni kabisa. Alikaa kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, pamoja na binti yake Zuhura, ambaye asubuhi huenda sokoni kwenye biashara yake ya nazi. Mzee alikuwa anakwenda msikitini peke yake kwa kupapasa kuta za majirani, na kila ukuta ulimsalimia, maana mwenye ukuta yupo nje anafagia. Kaka yake Zuhura, Hamisi, ana nyumba yake Kinyerezi, na alikuwa anataka kumchukua baba. Alisema baba anasahau. Kweli, mzee aliwahi kuacha birika motoni mpaka likaungua, na akamwita mjukuu mmoja kwa jina la marehemu ndugu yake. Zuhura alisema hayo ni ya uzee tu. Mzee mwenyewe alisema, "Mie sitoki hapa ila kwa kubebwa." Mabishano yalikwenda hivyo muda mrefu, hakuna aliyeshinda.

Zuhura ndiye aliyeniletea redio. Sanduku zuri la mbao nyekundu, kitambaa cha spika kimetoboka, imenyamaza miaka. Alisema, "Shikamoo fundi. Baba anashinda peke yake barazani. Nataka imsemeshe. Hamisi naye anataka iwe na bluetooth, tumwekee mawaidha na Kurani kutoka kwenye simu. Lakini fundi, iwe ileile. Baba anaipenda kuliko sisi." Akacheka.

Nikamwambia aniachie. Na kazi hiyo inawezekana kufanywa kwa heshima, ndiyo maana naona haya zaidi. Redio nyingi za aina ile zina tundu nyuma la kuchomekea gramafoni. Unaweka kipokezi kidogo cha FM na bluetooth pembeni, unakiunganisha na tundu lile, na sauti ya kisasa inapita kwenye valvu zilezile za zamani. Hujakata waya hata mmoja, na mzee anabaki na redio yake.

Niliifungua, nikainusa. Kitambaa kilichoungua. Transfoma ya sauti ilikuwa imekufa na valvu moja ilikuwa na ufa. Transfoma inazungushwa upya kwa mkono, waya mwembamba kama unywele, na nijuavyo mie amebaki mzee mmoja tu wa kazi hiyo, yuko Mabibo, nyuma ya soko la ndizi. Kwenda na kurudi, kungoja, kutafuta valvu. Nilikuwa nimestaafu, nachukua kazi mojamoja, mgongo unauma. Mezani kulikuwa na bodi ya Kichina niliyoinunua kwa mmoja wenu, ina kila kitu, na ukubwa wake ni wa kiganja. Nikajisemea maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka uso unawaka. Nilisema: mzee mwenyewe haoni.

Nikaing'oa. Chasisi nzima, ile sahani ya chuma ya ndani, na valvu, transfoma, nyaya za enzi za Mponda na wenzake, vyote nikavitia kwenye gunia chini ya meza. Ndani nikaweka bodi ile na spika mpya. Vishikio vya mbele vya kuzungusha nikaviacha vilevile na mlio wao wa kuwashia. Kitambaa kipya, vanishi mara tatu. Ikapendeza mpaka Mama Salma, mke wangu, akasema tungeiweka sebuleni.

Nikaipeleka Ijumaa baada ya swala. Hamisi alikuwepo, Zuhura alikuwepo, na jirani mmoja mwanamke aliyekuja kuona. Wakaiweka mezani mbele ya mzee. Aliipapasa pembe zote, akatabasamu. Akashika kishikio, akawasha. Kisha akaweka kiganja cha kulia juu ya sanduku, akainamisha kichwa, akangoja.

Sauti ikatoka papo hapo, kubwa, tangazo la sabuni. Mzee akashtuka, akazima. Akawasha tena. Ikasema papo hapo. Kiganja akakiacha juu ya mbao kwa muda mrefu, akakihamisha upande wa kushoto, akakirudisha. Akasogeza pua nyuma ya sanduku. Akazima.

"Hii si yangu," akasema.

Hamisi akamwambia kwa upole, "Baba, ndiyo ileile. Shika, si sanduku lako hili?"

"Sanduku langu. Redio si yangu. Yangu inapata joto, mie ndivyo ninavyoijua imeamka."

Wote wakanitazama. Hamisi akaniuliza, "Fundi, si ndiyo yenyewe?"

Vijana wangu, pale palikuwa na mlango wazi wa kutokea. Ningesema neno moja. Badala yake nikasema, "Ndiyo yenyewe. Nimeisafisha tu."

Mzee akageuzia uso upande wa sauti yangu. "Wewe ndiye uliyeifungua?"

"Naam, mzee."

"Na unasema ni ileile?"

"Ni ileile."

Hamisi akamtazama dada yake, akasema kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia, "Umeona sasa? Hata redio yake haijui." Zuhura akajifunika uso kwa mtandio. Yule jirani akasema maskini. Nami nikanywa soda niliyokaribishwa, nikaimaliza, nikaaga, na wakanishukuru.

Waswahili walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Sisi mafundi ni waosha wa vitu vya watu. Ndani ya sanduku tunaona sisi peke yetu, na mwenye mali anabaki na neno letu. Mzee Shomari alikuwa na kiganja chake, mie nilikuwa na neno langu, na mbele ya watoto wake neno langu likakishinda kiganja chake.

Sikujua ukubwa wa nililofanya mpaka nilipokutana na Zuhura pale sokoni. Nilitaka kupita upande wa pili, akaniwahi. "Shikamoo fundi. Baba tumempeleka Kinyerezi kwa kaka. Mie ndiye nilikuwa nakataa, si unajua. Lakini ile siku ya redio nikaona basi, najidanganya, baba akili imeshaondoka. Chumba chake cha barazani tumempangisha kijana wa saluni." Halafu akanishika mkono. "Nashukuru fundi. Bila wewe tungeendelea kubishana."

Alinishukuru. Nilirudi nyumbani na kilo ya nyanya niliyoisahau mkononi, nikakaa nayo mapajani. Mama Salma akauliza kama nimefiwa. Nikamweleza yote, tangu transfoma mpaka saluni. Nilidhani atanipoza. Aliendelea kuchambua mchele, halafu akasema, "Sasa unanieleza mie ili nikusaidie nini? Kwani mie ndiye mwenye redio?"

Kazi niliyoikwepa nikaifanya. Nilivuta gunia chini ya meza. Bahati moja ya fundi redio ni kwamba hatutupi kitu. Nilikwenda Mabibo, mzee wa transfoma akaninunia kwanza kwa kutoonekana miaka, kisha akaizungusha. Valvu yenye ufa nikaibadilisha na ya redio yangu ya nyumbani, ambayo sasa ni pambo tu. Kapasita zote za karatasi na nta nikazitoa nikaweka mpya, maana zile za zamani zinavuja, hazifai hata zikionekana nzima. Nikachomeka kwa balbu katikati. Ikawaka kidogo, ikafifia. Nikangoja. Mvumo ukaja, sauti ikaja. Niliweka mkono juu ya meza kusikiliza, na nikajikuta nalia, mtu mzima na bisibisi mkononi. Ilikuwa rahisi hivyo. Wiki chache za miguu na subira, kazi imekwisha, na mzee wa watu angekuwa kwake.

Mnaweza kuuliza ilikuwaje nikaitengeneza wakati sanduku liko kwao. Nilimwambia Hamisi kwa simu kwamba kuna waya sikuufunga vizuri, aniletee. Mnaona? Hata nilipokuwa natengeneza nilikuwa bado naongopa. Uongo ukishaingia kazini unajifanya sehemu ya zana.

Nikaipeleka mwenyewe Kinyerezi, siku ambayo Zuhura alisema atakwenda kumsalimia baba. Nilivaa shati safi. Nyumba ya Hamisi ni nzuri, ina ukuta mrefu na geti la chuma, na ndani ya ukuta kuna uwanja wa simenti. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja ule. Hakukuwa na ukuta wa kupapasa wala mtu wa kupita. Nilimwamkia, akaitikia kwa adabu, hakuuliza mie ni nani.

Nikaiweka redio mezani, nikaigeuza, nikafungua mgongo. Mfukoni nikatoa ile bodi ya Kichina, nikaiweka kando. Nikasema, "Hamisi, Zuhura, na wewe mzee wangu. Siku ile mzee alisema kweli. Haikuwa redio yake. Nilitoa kila kitu ndani nikaweka kidude hiki, kwa uvivu, na kwa sababu haoni. Mliponiuliza nikasema uongo. Mzee hakukosea hata kidogo. Leo ndiyo nimeirudishia vitu vyake."

Zuhura alikaa chini palepale kwenye simenti. Hamisi akachukua ile bodi, akaigeuzageuza, akanitazama kwa jinsi ambayo sijawahi kutazamwa na mtu wa umri wake. "Mzee mzima wewe," akasema. "Ulikaa pale ukanywa soda yetu." Angenipiga ningeona amenipunguzia.

"Baba," Zuhura akasema, "umesikia? Ulikuwa sahihi."

"Nimesikia," akasema mzee. "Mwache fundi aiwashe."

Nikamwambia awashe mwenyewe. Akakipapasa kishikio mpaka akakipata, akawasha. Kimya. Akaweka kiganja juu ya sanduku, kama siku ile. Tulingoja sote, na mie moyoni nikawa namwambia Mungu, ipate moto, ipate moto haraka. Ndani valvu zikaanza kuwa nyekundu. Mvumo ukaja. Sauti ikaja kutoka mbali, mtu anasoma Kurani, ikapanda taratibu. Nikanyoosha mkono nikagusa pembe ya mbao. Ilikuwa na joto.

Mzee Shomari alikihamisha kiganja upande wa kushoto, akakirudisha. Alisogeza pua nyuma, akanusa. Nilikuwa nangoja atabasamu. Nilitaka anitukane, anilaani, aseme ndiyo hii, niliwaambia. Badala yake akageuza uso taratibu, akitafuta alipo binti yake.

"Zuhura," akasema, "hii ndiyo yangu?"

Akakiacha kiganja palepale juu ya mbao ya moto, akangoja aambiwe.